Nilivyounganisha spika kwenye miksa ya DJ na kuumaliza ule mvumo

Napiga muziki kwenye sherehe za watu hapa Dar es Salaam: kicheni pati, sendofu, ubarikio, mara mojamoja harusi yenyewe. Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii hunijia na swali lilelile, wameshika simu yenye picha ya nyuma ya miksa, ile mashine ya kuchanganyia nyimbo: “Kaka, hapa nachomeka waya gani?” Ile picha huwa siiangalii sana. Nawaambia wakanipigie picha ya nyuma ya spika.

Spika ndiyo inayoamua. Ukiigeuza ukakuta pa kuchomeka waya wa umeme, swichi ya kuwashia na kitufe cha kuzungusha sauti, hiyo ina ampu, yaani amplifaya ya kukuza sauti, ndani yake, ni aktivu. Ukikuta tundu la Speakon tu, lile la duara la waya wa spika, au vibanio viwili, chekundu na cheusi, bila umeme wowote, hiyo ni pasivu. Aktivu hupokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa. Pasivu haiwezi, lazima katikati pakae amplifaya, maana kinachotoka kwenye miksa ni umeme mdogo mno, volti moja na kitu, na hautasukuma koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, ya inchi 15 hata ukifungua vitufe vyote. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi. Ukichukua waya unaotoka kwenye amplifaya ukauchomeka kwenye spika aktivu, unapeleka makumi ya volti mahali palipotengenezewa volti moja. Mafundi wa Kariakoo wanakula kutokana na jambo hilo.

Haya nilifundishwa na mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa fundi mitambo wa bendi za dansi enzi zile spika zikibebwa na vijana wanne. Siku niliyopata spika zangu za kwanza nilimfuata barazani.

“Shikamoo mzee. Nimepata spika mbili, naomba uje unifungie.”

“Marahaba. Kufunga sifungi. Nitakaa kwenye kiti, wewe ndiye utakayefunga, mimi kazi yangu itakuwa kusema acha.”

Akaja na kiti chake na kahawa yake, na neno “acha” sikulikosa.

Vyombo vyenyewe vilikuwa vya kawaida kwa anayeanza: Pioneer DDJ-400, mashine ya DJ ambayo miksa yake imo humohumo ndani na inakula umeme wa kompyuta kupitia USB, pamoja na spika mbili aktivu za inchi 12. Shida ya mashine hii, na ya nyingi za kundi lake, ni kwamba tundu la kutolea sauti ni la RCA tu, lile jekundu na jeupe kama la deki za nyumbani. Spika nazo zina matundu ya XLR, yale ya duara yenye njia tatu ndani. Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani kununua waya wa RCA wa mita 10 kwa kila upande, na dukani watakuuzia bila kukuuliza lolote.

Mzee alisema acha. Waya wa RCA ndani yake una njia moja ya sauti iliyozungushiwa nyuzi za kinga, na zile nyuzi za kinga ndizo hizohizo njia ya kurudia. Ukiurefusha unakuwa antena: unaokota kelele za taa, za feni, za simu ya mtu aliyekaa karibu. Mimi mita 5 ndiyo mwisho wangu, na nikiweza kufanya mbili nafanya mbili. XLR ni jambo jingine. Ndani yake zimo njia mbili za sauti na kinga ikiwa peke yake. Njia moja hubeba sauti ilivyo, nyingine huibeba ikiwa imegeuzwa juu chini. Kelele ikiingia njiani inaingia zote mbili sawasawa, na spika ikifika zamu yake inatoa moja kutoka kwenye nyingine, kelele inajifuta na sauti inabaki. Kwa waya wa namna hiyo unaweza kuvuka ukumbi mzima bila wasiwasi.

Kwa hiyo ninachofanya siku hizi ni kutumia RCA fupi kutoka kwenye mashine hadi kwenye kiboksi chenye transfoma mbili ndogo ndani, kinachopokea RCA na kutoa XLR. Kutoka hapo XLR ndefu, moja kwa kila spika. Ukitumia DI, kiboksi kingine cha kugeuza sauti iingie kwenye XLR, badala ya hiki inafaa pia, ila kumbuka kwamba DI isiyo na umeme hushusha sauti mpaka kiwango cha maiki, hivyo swichi ya nyuma ya spika iwe kwenye MIC. Sauti ikija moja kwa moja kutoka kwenye miksa, swichi hiyo ikae LINE. Ikiwa MIC kimakosa, spika itakoroma hata kwa sauti ya chini, na watu watasema koni imepasuka.

XLR zangu nilichomelea mwenyewe. Si kwa ubahili tu. Ukishaufungua na kuufunga waya kwa mkono wako, ukiharibika saa tatu usiku mbele ya wageni mia mbili unajua pa kuangalia. Ukifungua plagi ya XLR utakuta vijiti vitatu, na pembeni mwa kila kimoja namba iliyochorwa ndogo kabisa. Mimi huwa namulika na tochi ya simu. Namba 1 ni kinga. Namba 2 ni sauti yenyewe. Namba 3 ni ile iliyogeuzwa. Rangi za ndani ya waya hutofautiana, kwa hiyo usifuate rangi, fuata namba, na utakachofanya upande wa jike ukifanye vilevile upande wa dume. Na kabla hujagusa risasi ya kuchomelea, hakikisha kofia ya plagi umeshaivisha kwenye waya. Mzee alikuwa akiuliza habari za kofia kila nilipopasha moto chuma cha kuchomelea, na nikiona wanaosahau, naelewa kwa nini: unachomelea safi kabisa, halafu unagundua kofia iko mezani na haiwezi kupita tena.

Kumbi nyingine zina miksa yao. Hapo nyuma kuna matundu ya kutosha kumchanganya mtu. MASTER ndiyo ya wageni, na ikiwa ipo ya XLR chukua hiyo, iache RCA. BOOTH ni ya spika yako wewe unayepiga, ina kitufe chake, unaweza kujipunguzia bila ukumbi kujua. REC ni ya kurekodia, na kwa kawaida haisikii kitufe cha master. Aliyechomeka spika kwenye REC atazungusha kitufe kikubwa mpaka mkono umchoke, sauti ileile.

Sasa mvumo. Hili ndilo lililonifundisha zaidi ya yote.

Ilikuwa ubarikio, nyumbani kwa watu, Tabata. Turubai uani, spika pembeni mwa meza kuu, umeme wa spika tumeutoa sebuleni kwa waya mrefu. Kompyuta nikaichomeka barazani kwa sababu ndipo palipokuwa karibu na meza yangu. Muziki ukipigwa, safi. Wimbo ukiisha, au mchungaji akisimama kuomba, chini yake inasikika mmmmm nzito. Mama mwenye shughuli akanijia taratibu.

“Mwanangu, hiyo jenereta ni ya jirani?”

“Hapana mama, ni yetu sisi. Nipe dakika mbili.”

Mvumo hautafutwi kwa kubahatisha. Nilishusha sauti ya spika, nikachomoa waya wa sauti kwenye spika yenyewe: kimya. Basi spika haina tatizo. Nikaurudisha, nikachomoa RCA kwenye mashine: kimya tena, kwa hiyo na XLR ni nzima. Nikaurudisha nao, nikachomoa chaja ya kompyuta: mvumo ukakata papo hapo. Maana yake kompyuta ilikuwa na njia ya kwenda ardhini kupitia chaja yake barazani, spika zina njia yao kupitia sebuleni, na kinga ya waya wangu wa sauti ndiyo iliyokuwa daraja kati ya njia hizo mbili. Umeme kidogo ukawa unapita kwenye daraja hilo, na umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, ndiyo sauti ile. Mzee husema ukiusikiliza vizuri mvumo huo unakaa karibu na noti ya sol, na mpiga gitaa wao mmoja alikuwa akitania kwamba anatyuni kwa umeme.

Siku ile nilipiga kwa betri ya kompyuta mpaka keki ikakatwa, halafu nikavuta umeme wa meza yangu kutoka kwenye soketi ileile ya spika. Mvumo ukapungua sana. Kiboksi cha transfoma nilikinunua baada ya hapo, na hicho ndicho kilichoumaliza: ndani ya transfoma sauti inavuka kwa sumaku, hakuna waya unaogusana kutoka upande huu kwenda ule, kwa hiyo daraja limevunjika.

Wapo wenzetu wanaovunja mguu mrefu wa plagi, ule wa ardhi, au wanaotumia plagi ya miguu miwili na kijiti cha kufungulia soketi. Mvumo unakwisha kweli, sibishi. Lakini umeondoa njia ya umeme kukimbilia chini siku chombo kikipata hitilafu ndani, na njia itakayobaki ni mtu aliyeshika maiki ya chuma, pengine amesimama peku kwenye nyasi zilizomwagiwa maji. Mimi DJ mwenye plagi hizo sipigi naye jukwaa moja.

Spika pasivu nitazipitia haraka, kwa sababu siku hizi nakutana nazo kwenye kumbi za zamani tu. Miksa kwenda amplifaya, amplifaya kwenda spika. Spika mbili za om 8 (om ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ukiziunganisha pamoja upande mmoja zinakuwa om 4. Nne zinakuwa om 2, na amplifaya nyingi hapo zinachemka, kwa hiyo soma kilichoandikwa nyuma yake. Waya wa spika uwe mnene. Jeki ya gitaa itaingia kwenye tundu, ndiyo, lakini waya wake ni mwembamba, haukutengenezewa mzigo huo. Kingine ni rangi: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote. Spika moja ikigeuzwa, koni yake inavuta ndani wakati ya mwenzake inasukuma nje, na besi inapotea katikati ya ukumbi wakati kila kitu kinaonekana kufanya kazi. Ukitilia shaka, weka wimbo wenye besi, simama katikati ya spika mbili, mwambie mwenzako azime amplifaya, ageuze nyaya za spika moja, awashe tena. Namna itakayoleta besi nyingi zaidi ndiyo sahihi.

Kuhusu kufungua sauti nina msimamo mmoja: taa nyekundu za miksa si mapambo. Naanza na kitufe cha chaneli, napandisha mpaka taa za kijani zijae na ya njano iguse pale wimbo unapopamba moto. Master naiweka katikati. Kinachobaki nakitafuta kwenye spika zenyewe. Nikiona bado ni ndogo, basi spika ni chache kwa eneo lile, na jibu ni kukodi nyingine. Singeli ndiyo inayoponza watu hapa, maana nyimbo nyingi zinatumwa kwa simu zikiwa tayari zimebanwa mpaka zinakwaruza. Ukiongeza nyekundu ya miksa juu yake, tuita za spika, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ndizo hutangulia kufa.

Ukitoa waya kwenye spika moja kwenda ya pili kupitia tundu la LINK badala ya kuvuta mbili kutoka kwenye miksa, tafuta swichi ya MONO, inayochanganya kushoto na kulia, kwenye miksa kwanza. Bila hiyo utakuwa unawapigia watu upande wa kushoto peke yake, na kuna nyimbo za zamani ambazo gitaa lote liko kulia.

Kuwasha kuna utaratibu, na huu haujadiliwi: kompyuta na miksa kwanza, spika au amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume, spika ndizo zinatangulia. Ukienda kombo utasikia ule mshindo wa “pu!” na kila “pu!” ni kofi kwenye koni. Kwa mazingira yetu kuna la ziada: umeme ukikatika katikati ya sherehe, usikae ukilalamika na wageni. Nenda moja kwa moja ukazime swichi za spika na ushushe master, maana umeme ukirudi utarudi kwa vyombo vyote kwa mpigo mmoja, na pengine na volti zilizopanda. Mimi kazi hiyo nimempa kijana anayenisaidia, anakaa karibu na spika usiku kucha, na taa zikizima tu mkono wake umeshafika kwenye swichi.