Kopo la Nauli

Mwaka wangu wa pili masomoni Paris, jioni moja niliingia sinema kwa kukimbia mvua tu. Rue Champollion, jirani na chuo kikuu cha Sorbonne, kuna majumba madogo ya sinema yanayopenda picha za zamani. Tulikuwa watu saba ukumbini, mmoja anakoroma.

Picha ilikuwa Paris nous appartient ya Jacques Rivette: nyeusi na nyeupe, saa mbili na dakika 20. Anne, msichana wa chuo, anavutwa kwenye kikundi cha vijana wanaofanya mazoezi ya Pericles, tamthilia ya Shakespeare, bila senti mfukoni. Humo kuna na habari za njama za siri duniani. Hizo, kusema kweli, zilinipita. Mimi nilinaswa na mazoezi. Leo hapa, kesho pale, fulani hakuja. Gérard, mwongozaji, anahangaika na pengo hili mara lile, mpaka Anne naye anajikuta amepewa maneno ya Marina, binti wa Pericles.

Nikacheka peke yangu gizani. Sisi Dar, kikundi chetu cha maigizo, tulifanyia mazoezi darasani, shule moja ya msingi Temeke, madawati tumeyasukumia ukutani. Zikibaki wiki mbili, malkia wetu akapata kazi ya duka Kariakoo, akaaga. Umalkia nikaubeba mimi na ndevu zangu, nimejifunga kanga ya mama. Nauli zilikuwa zinatoka kwenye kopo la Blue Band. Kopo likikauka, wa Mbagala huwaoni.

Wakati wa kutoka niliokota karatasi ya maelezo mlangoni. Rivette alianza kupiga picha ile 1958, ikaja kutoka 1961. Mikanda ya kupigia picha alisaidiwa na Chabrol, Truffaut akamkopesha pesa, wote waongozaji wenzake, waigizaji wakafanya kazi kwa ahadi. Niliisoma mara mbili chini ya taa ya barabarani, wino ukichuruzika na mvua. Kumbe na wao walikuwa na kopo lao!

Nikampigia aliyekuwa mwongozaji wetu. Dar ilikuwa inakaribia saa saba usiku.

"Kaka, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimeona picha ya Wafaransa, nikadhani ni sisi."

Nikamsimulia yote, Anne, Gérard, na deni la mikanda. Akakaa kimya hata nikadhani salio limeniishia.

"Sasa hao," akauliza, "nauli walikuwa wanapewa?"