Siku yangu moja kama dereva wa kubeba wajawazito, Kiwira mpaka Tukuyu

Wadogo zangu waliomaliza fomu foo wananiulizaga kazi gani inamfaa mtu asiye na papara, wenyewe wanawaza jeshi, zimamoto, urubani. Mimi nawaambia hata usukani upo. Ni dereva jamii wa m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, huku Rungwe, Mbeya, yaani mjamzito akipata dharura wanapiga 115 bure, sasa ambulensi kama iko mbali au ina mgonjwa mwingine wanatutafuta sisi wenye magari yetu mtaani. Hii ndo siku yangu ya juzi.

Saa 11 alfajiri. Baridi kali, mvua ya manyunyu. Nacheki upepo, oili, maji, breki, taa zote, nafuta vioo kwa ndani maana ukungu wa huku unaingia mpaka ndani ya gari. Mafuta hayashuki nusu tenki hata siku moja. Utulivu wangu asilimia kubwa unatoka hapa, simu ikiita sina cha kuanza kutafuta.

Saa 1 mpaka saa 7 ni ndizi na abiria, kawaida tu.

Saa 7:40 mchana simu. Dada wa kituo kinachopokea simu za 115 hapandishi sauti kabisa, namheshimu sana yule, ana simu tatu zinamsubiri ila anakuuliza taratibu uko wapi, gari tupu au lina watu, utafika baada ya muda gani. Abiria wangu waliposikia ni mama mjamzito wakashuka wenyewe.

Saa 8:20 nipo zahanati, kijijini juu ya Isongole. Uchungu tangu usiku na mtoto hashuki. Nesi kamlaza kwa ubavu wa kushoto, maana akilala chali mimba inagandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, hapo mama anazidiwa na mtoto naye anakosa hewa. Mama mkwe kashika mlango analia, "Baba kimbiza, kimbiza tu!" Nikamwambia, "Shikamoo mama. Kaa hapa nyuma yangu, tunaondoka sasa hivi." Ile shikamoo naitoaga hata moto ukiwaka, mtu akiitikia marahaba anapumua kidogo.

Kushuka sasa. Ukungu umekaa barabarani, full huwashi, mwanga unakurudia usoni, unaenda na taa za chini. Nikashusha gia ili injini ishike gari, breki ukizikanyaga mlima mzima zinachemka halafu zinakukimbia. Mbele lori la kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, linatambaa, kona baada ya kona, na nyuma mama anapiga kelele mpaka mgongo unasisimka. Hapo ndo penyewe jamani. Mguu unataka kwenda na akili inakwambia pita. Mimi naongea kwa sauti, "lori mbele, kona, tunasubiri, sasa naona mbele, napita, shikeni," ili nesi asishtukizwe akiwa kamshika mgonjwa, na mimi mwenyewe nisikie kama ninachotaka kufanya kina akili. Tulikaa nyuma ya lile lori karibu dakika kumi, sikupita mpaka nilipoona barabara.

Saa 9:25 Tukuyu, hospitali walishapigiwa simu, kitanda kinasubiri mlangoni, moja kwa moja tieta, chumba cha upasuaji. Nilipozima gari ndo mikono ikaanza kutetemeka. Nikakaa, nikanywa maji, nikafuta siti.

Saa 11 jioni hela ya safari ikaingia kwenye simu, nikarudi Kiwira na abiria wawili.

Saa 2 usiku nesi kapiga: wamemfanyia operesheni, mtoto wa kiume, kilo 3.2, kalia vizuri, mama anaongea. Akampa simu mama mkwe, akasema tu "ndaga fijo baba, ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mpaka salio likakata. Nimemsimulia mke wangu tukanyamaza wote.

Gari nimepaki kichwa kimeangalia barabara, simu iko na mlio. Kesho naanza na breki ya nyuma kushoto, niliisikia inalia kidogo pale kwenye kona ya mwisho.