Jinsi nilivyoifanya programu yangu isubiri ukurasa upakie wote

Programu yangu ya kompyuta hufungua ukurasa wa wavuti ndani ya kidhibiti cha WebBrowser (sehemu ya dirisha inayoonyesha kurasa za wavuti) cha .NET, jukwaa la Microsoft la kuundia programu, kisha husoma jedwali lililomo. Mara nyingine jedwali lilipatikana, mara nyingine sikupata kitu.

Kwanza niliweka Thread.Sleep (amri ya kusimamisha kazi kwa muda) ya sekunde 5. Kosa kubwa. Kidhibiti hicho hutegemea uzi (thread, yaani mkondo wa utekelezaji wa programu) uleule unaochora dirisha, kwa hiyo nilipoulaza, dirisha liliganda na ukurasa wenyewe haukuweza kumaliza kupakia. Sekunde 5 zilipokwisha, hali ilikuwa ileile.

Nikahamia kwenye tukio la DocumentCompleted, ishara ambayo kidhibiti hutoa ukurasa ukimaliza kupakia. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima: lilijitokeza mara 3 kwa ukurasa mmoja, kwa sababu kila fremu iliyomo (ukurasa mdogo ndani ya ukurasa) hulisababisha kivyake. Dawa ilikuwa kulinganisha e.Url (anwani inayoletwa na tukio) na Url ya kidhibiti (anwani ya ukurasa mkuu); zisipofanana, napuuza. Nikaongeza sharti kwamba ReadyState (hali ya upakiaji) iwe Complete, yaani imekamilika.

Bado jedwali lilikosekana mara mojamoja. Kumbe lilikuwa likijengwa na JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa) baada ya ukurasa kuhesabiwa umekamilika, na DocumentCompleted haikuambii lolote kuhusu hilo. Basi nikawasha Timer (kipima muda) inayolitafuta jedwali kila milisekunde 250 kwa GetElementById, yaani kwa kitambulisho chake. Likionekana na lina mistari ndani yake, Timer inazimwa na usomaji unaanza. Sekunde 30 zikipita bila kitu, mtumiaji anapewa ujumbe badala ya kuachwa akisubiri. Tangu hapo sijasoma tena jedwali tupu.