Kisutu kimechuja, dola 45 zimekwenda

Dola 45! Nimelipa dola 45 kwa dobi wa hapa Lancaster, Pennsylvania, nikarudishiwa blanketi langu na doa lake palepale, limekunjwa vizuri ndani ya nailoni. Juu yake nikapewa na maneno: eti vitambaa vya Afrika ndivyo vilivyo, rangi zake za bei rahisi. Ningekuwa Tanga ningemjibu kwa kanga. Hapa nilisema asante, nikatoka.

Nianze mwanzo. Shoga yangu wa Mombasa, tunayefanya naye kazi ya kulea wazee, zamu ya usiku, alikuwa anaolewa. Nikasema simpi bahasha, nimshonee kwilti. Kwilti ni blanketi la viraka: juu vipande vilivyoungwa kwa mpangilio, katikati pamba, chini kitambaa kizima, kisha tabaka zote tatu zinashonwa pamoja. Waamish, Wakristo wa huku wanaoishi kizamani, wanazishona kwa mkono, na watalii wanazinunua kwa zaidi ya dola elfu moja. Ndiyo, elfu. Na wewe unadhani kiraka ni umaskini.

Mama akanitumia doti mbili za kisutu, ile kanga ya harusi, kutoka Kariakoo. Harusi bila kisutu, tena ya Mmombasa? Nikachanganya na kitambaa cheupe cha hapa, dola 13 yadi moja, na yadi haifiki hata mita. Mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, nikaukata miraba, pindo nikazungushia pembeni. Miezi minne ya siku zangu za mapumziko. Kuunganisha tabaka nikampelekea mwenye mashine kubwa, anatoza senti 3 kwa inchi ya mraba. Inchi 60 kwa 80, piga hesabu mwenyewe.

Kosa langu ni moja tu: sikukilowesha kisutu kabla ya kukata. Najua, najua. Kila mtoto wa Pwani anajua kanga mpya inachuja. Lakini kanga mpya ina ule ugumu wake wa wanga, mkasi unapita kama kwenye karatasi, nikaona nikiifua italegea. Siku nne kabla ya harusi nikalitia blanketi kwenye mashine ya kufulia litoke vumbi la kushonea. Nilipofungua, weupe wote umekuwa waridi, na pembe moja nyekundu kabisa kama pametiwa damu.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti hivyo, umefukuzwa kazi?"

Nilipomweleza akanyamaza, halafu: "Mwanangu, kanga mpya inalowekwa peke yake. Hilo nalo umelisahau huko?" Akaniambia nitie chumvi. Nikatia chumvi, kesho yake siki. Hapo ndipo nikakimbilia kwa yule dobi.

Aliyeniokoa ni jirani, bibi wa Kimenno, dhehebu la Kikristo lenye asili moja na Waamish, wa miaka 81, ndiye aliyenifundisha kushona. Huwa anasisitiza nimwite kwa jina lake, mimi siwezi, mtu ana umri wa kumzaa mama yangu! Namwita Bibi, keshazoea. Nilimkuta akipalilia, nikamwonyesha huku nalia. Akacheka. Akasema mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200, naye alishona lake la nyekundu, nyeupe na buluu kama bendera, kwa kitambaa cha dukani kwao hapahapa, na nyekundu ikamharibia yote. Nyekundu ni nyekundu, akasema. Natamani yule dobi angekuwepo.

Dawa yake haina uchawi. Tulijaza bafu maji ya moto kadiri bomba lilivyoweza, lilipopoa nikachemsha masufuria kama siku ya pilau. Nusu kikombe cha sabuni ya vyombo. Blanketi likazamishwa lote, tukaligandamiza kwa sahani lisielee, maana linapochungulia juu ya maji rangi inajikusanya hapo. Rangi iliyozidi haijashika kwenye pamba. Maji mengi ya moto yanaitoa, sabuni inaishikilia isirudi kwenye cheupe. Likakaa humo kwa muda wa saa 12. Maji yakawa mekundu kama ya rosela. Tukamwaga, tukajaza tena. Na wakati wote huo lisikauke, wala lisikaribie mashine ya kukaushia, joto lile likipita juu ya doa ndiyo basi tena.

Usiku nilikuwa na zamu. Mnaotaka kuja huku sikilizeni: zamu haiahirishwi kwa sababu ya blanketi, na nduguyo wa kukushikia hayupo. Shemeji, wifi, binamu, wote wako kwenye simu. Bibi ndiye aliyebaki nyumbani kwangu na ufunguo wangu, akabadilisha maji saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, na goti lake bovu. Niliporudi asubuhi nikamkuta amelala kwenye kochi, mikono imekunjamana kwa maji.

Mara ya nne maji yalikuwa safi. Tukalianika kivulini. Ile pembe ilibaki na waridi kidogo, nikapashonea ua la pindo juu yake.

Bi harusi hajaliona. Bibi ndiye aliyeona kisutu, sasa anataka cha kwake. Mama anatuma doti moja wiki ijayo. Anasema atakiloweka hukohuko, hanitumainii tena.