Breki za baiskeli ya mbio: nguvu ilikuwa inaishia njiani

Baiskeli yenyewe ni ya mbio, mtumba, fremu ya alumini, breki za taya zinazobana rimu. Hakuna diski wala mambo ya haidroliki. Kukimbia inakimbia, tatizo lake ni kusimama. Nayo Barabara ya Bagamoyo haina subira na mtu asiyeweza kusimama. Daladala likiona abiria halina muda wa indiketa, linaingia kushoto tu, na kushoto ndiko niliko mimi. Ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, unakula mita 8 na ushee kila sekunde. Kwa hiyo breki ikishikwa, ishike. Yangu ilikuwa inashauriana kwanza.

Raba na rimu

Nilianza na kilicho rahisi. Nilichomoa raba za breki nikaziangalia juani: zimekauka, uso unang'aa, na ndani yake chembe za alumini zimejichimbia, zinametameta. Chembe hizo zinatoka kwenye rimu yenyewe. Mchanga wa barabarani unaikwangua rimu, vipande vinanasa kwenye raba, na raba inageuka tupa inayoendelea kuila rimu kila ukishika breki. Ule mkwaruzo unaosikika baada ya mvua ndio huo.

Nilizitoa moja moja kwa sindano, nikasugua uso kwa msasa mpaka weusi mpya ukatokea. Rimu nikaifuta kwa spiriti ya duka la dawa. Nimeona watu wakifutia dizeli; dizeli inaacha utando wa mafuta, bora ungeiacha na vumbi lake. Na oili ya cheni ile ya kupuliza, usiipulize bila kukinga rimu ya nyuma kwa gazeti. Tone moja kwenye rimu, raba inalinyonya na kazi inaanza upya.

Mkwaruzo uliisha. Nguvu ikaongezeka kidogo, lakini kidogo kweli. Nikaenda Kariakoo nikachukua raba mpya za mbele na nyuma. Kuzifunga kunataka utulivu: raba ilalie rimu yote, isipande kugusa tairi (italichana) wala isining'inie chini ya rimu. Nilikunja kipande cha vocha ya simu nikakiweka chini ya ncha ya nyuma ya raba, nikabana mkono wa breki, nikakaza bolti kwa spana ya L, kisha nikachomoa vocha. Hivyo ncha ya mbele inatangulia kugusa kwa kiasi kidogo sana, na breki haipigi mluzi.

Mluzi haukuwepo. Lakini mkono wa breki bado ulikuwa unakuja mpaka karibu na usukani.

Fundi

Fundi wa mtaani kwetu ni mzee wa Phoenix, zile za breki za fito zinazovuta raba kwenda juu. Baiskeli za mbio huziangalia kwa jicho la pembeni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Inasumbua nini hiyo ya wazungu?"

"Breki, fundi. Raba nimeweka mpya, bado laini."

Raba hakuzigusa. Alishika mkono wa breki akaubana taratibu, macho yake yakiwa kwenye kava la waya, yaani ganda ambalo waya wa breki unapita ndani yake, siyo kwenye gurudumu. Akaachia, akabana tena.

"Njoo uone. Kava linacheza kabla ya breki. Nguvu unayo, ila inaishia njiani."

Kweli bwana. Kila akibana, kava lilijikunja kwanza, likajisogeza kwenye kikombe kinachoshika ncha yake, ndipo taya zikakumbuka wajibu. Nilikuwa napaka rangi mlango wa nyumba isiyo na msingi.

Kava na waya

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipokuwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Waya wa breki unavuta, kava linasukumwa. Vyote viwili vinabeba nguvu ileile. Kava likibonyea milimita chache, milimita hizo umezitoa kwenye safari ya mkono wa breki. La mbele lilikuwa limeoza kwa ndani. Upepo wa chumvi wa huku pwani hauachi chuma kipumzike, na maji yanaingilia pale kava linapoishia juu ya taya. Nilipochomoa waya ulitoka na unga wa kutu.

La nyuma ndilo lililonitisha. Mwenye baiskeli wa kabla yangu alifunga kava la gia. Kwa nje linafanana, ila ndani siyo: kava la breki ni chuma kilichozungushwa kama springi, la gia ni nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu, zinashikiliwa na plastiki tu. Ukibana breki kwa nguvu zote siku ya hatari, plastiki hiyo inaweza kupasuka na breki ikaisha papo hapo. Ukinunua, angalia ncha yake iliyokatwa, utaona mwenyewe.

Nilikata makava mapya mafupi kadiri inavyowezekana bila kuvuta usukani ukikata kona. Mkasi wa kawaida unaponda mdomo wa kava. Tumia koleo kali la kukatia waya, kisha usawazishe ncha kwa tupa mpaka ikae bapa, na bomba la plastiki la ndani ulifungue kwa sindano. Ncha iliyokatwa mshazari inabonyea kila siku, na hutajua kwa nini breki inazidi kulegea. Waya niliweka wa chuma kisichoshika kutu, wenye kichwa cha umbo la peasi kinachokaa kwenye mikono ya breki ya baiskeli za mbio. Wenye kichwa cha pipa ni wa baiskeli za milima.

Baada ya kufunga nilibana mara kadhaa kwa nguvu ili kila kitu kikae, nikavuta waya uliolegea, nikakaza tena.

Mteremko wa Goba

Alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka vizuri, nilishuka Goba. Mkono wa breki unasafiri kidogo kisha unakuwa mgumu, na baiskeli inatii. Tofauti ni kubwa kuliko ile ya raba mpya, wala hazikaribiani.

Nilijaribu pia mikono ikiwa chini kwenye pinde za usukani. Huko vidole vinafika kwenye ncha ya mkono wa breki, mbali na egemeo lake, kwa hiyo nguvu ileile inabana zaidi. Na breki ya mbele niliacha kuiogopa: ukipunguza mwendo uzito unahamia mbele, tairi la mbele ndilo linalokamata ardhi, la nyuma linabaki jepesi na kuteleza. Bana ya mbele kwa kuongeza polepole huku ukirudisha kiuno nyuma ya siti.

Mvua ilinikuta njiani kurudi. Rimu ikiwa na maji, mzunguko wa kwanza raba inafuta tu, haishiki. Siku za masika nagusa breki kidogo mapema, nikiona tu daladala linapunguza mwendo.

Kimebaki kitu kimoja. Niliweka rula ubavuni mwa rimu ya mbele nikaona mwanga katikati: imelika, imekuwa na bonde. Ukuta ukiwa mwembamba, upepo wa tairi unaweza kuupasua. Natafuta rimu ya alumini ya spoku 32, na mpaka nitakapoipata sishuki Goba.