Mtaji wa mzunguko, darasani na Kariakoo
Nimo mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya biashara na ujasiriamali hapa Dar es Salaam, na wadogo zangu kadhaa wameniuliza ni nini hasa kinachosomwa. Mwaka wa kwanza ni uhasibu, uchumi na hisabati, masomo ambayo karibu kila mwanafunzi wa biashara huyapitia.

Utamu ulikuja kwenye mafunzo kwa vitendo, nilipopangiwa duka la jumla la vitenge Kariakoo. Mtaji wa mzunguko, yaani fedha za kuendeshea biashara siku hadi siku, ambao darasani tuliusoma kwa majedwali, pale niliuona ukitembea kwa mali kauli: mteja wa mkoani huchukua mzigo kwa makubaliano ya mdomo, akauze kwanza ndipo alipe, huku mwenye duka naye akidaiwa vivyo hivyo na mwagizaji. Daftari lilionyesha faida nzuri, lakini fedha za kulipia pango zilikuwa bado ziko Tabora na Songea.

Kwa maoni yangu, kozi hii inachelewa mno kufundisha uandishi wa andiko la mradi, yaani maelezo ya maandishi ya biashara unayoiombea fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na vijana huiomba kwa andiko hilo, wakiwa kwenye vikundi vilivyosajiliwa. Somo hilo tulilipata mwaka wa tatu, wakati wenzetu wengi walikwishaanza biashara kwa fedha za kuazima.