Sanduku la 1981

Barua ya kuniita kidato cha kwanza ilikuwa na kurasa 3. Ya kwanza ya pongezi, ya pili ya karo, na ya tatu, ile iliyomfanya mama avute kigoda na kukaa, ya vitu vya kununua. Sanduku la bati na kufuli. Godoro, blanketi, shuka 2. Atlasi, kamusi, Biblia, seti ya jiometri. Sweta, na kando yake kinyota: inunuliwe duka la shule pekee, shilingi 650.

Mama alikuwa akiuza sukuma wiki soko la Jericho. Alikitazama kile kinyota kwa muda mrefu. "Kwani uzi wao unasokotwa mbinguni?"

Akachukua kalamu. Godoro nililolalia likawa ndilo la shule. Kamusi ikatoka kwa binamu, bila jalada. Sanduku nalo lilikuwapo nyuma ya mlango, limejaa makaa: sanduku la mjomba wangu, alilokwenda nalo bweni mwaka wa 1981. Jina lake na mwaka huo vilikuwa bado vinasomeka kifunikoni kwa rangi nyeupe. Lakini kitako kilikuwa kimeliwa na kutu hadi ukiliinua makaa yanakutangulia.

Kuhusu sweta, alimwendea kijana wa jirani aliyekuwa kidato cha pili katika shule hiyohiyo, akachomoa uzi mmoja kwenye pindo la sweta lake na kuubana kwa pini kwenye ile orodha. Nilidhani ni kichekesho.

Pesa za chama chao cha kuchangiana alizipata Jumapili jioni, nami nilitakiwa shuleni Jumatano. Kwa hiyo ilikuwa lazima twende kununua vitu Jumatatu, tarehe 2 Februari 2004, na mtu yeyote aliyekuwa Nairobi siku hiyo anajua maana yake. Sheria za matatu za waziri wa uchukuzi John Michuki zilikuwa zimeanza Jumapili: abiria 14 tu, mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano. Matatu nyingi hazikuwa zimetimiza masharti, zikafichwa. Chache zilizotoka zilipandisha nauli. Mama aliuliza ya kwenda mjini, akaambiwa, akajifunga leso upya. "Miguu haina kondakta," akasema. Tukaingia Jogoo Road na umati, mimi na sanduku kichwani, makaa yameshamwagwa lakini vumbi lake bado likininyeshea shingoni.

Tulifika Gikomba bale zikifunguliwa. Wanaojua mitumba wanajua saa hiyo ni ya kamera, zile nguo za kwanza kwanza ambazo muuzaji hata hapunguzi. Mama hakuwa mtu wa kamera. Kawaida alingoja alasiri, wakati wa fagia, nguo zilizokwisha kuchambuliwa zinapouzwa kwa bei ya kuondolea mzigo. Ila sweta, alisema, ukingoja fagia utapata la rangi ya shule nyingine. Alichambua mpaka akapata la buluu nzito, akalitoa nje ya kibanda. Turubai za Gikomba zina rangi, na chini ya turubai kila buluu ni buluu unayoitaka. Juani akaweka ule uzi juu ya mkono wa sweta. Ulipotea. Ndipo nilipoacha kucheka.

Muuzaji alitaka 200. Mama hakutaja bei. Alionyesha mshono wa kwapani uliofumuka, akasema yeye ndiye mteja wa kwanza na mkono wake una baraka, muulize yeyote Jericho. Tuliondoka nalo kwa 90. Soksi na shuka zingengoja fagia.

Tukavuka kwenda Kamukunji. Sijui niielezeje Kamukunji kwa mtu asiyeifahamu. Nyundo mia zinagonga bati kwa wakati mmoja, na watu wanaongea chini ya kelele hizo kama wako sebuleni. Masanduku mapya yalipangwa hadi juu, yananuka rangi, nami niliyatamani, sitaficha. Fundi mmoja aligeuza letu, akapenyeza kidole kwenye kitako, akaangua kicheko. "Mama, hii tupa. Mpya nitakupa 800."

"Kitako kipya ni ngapi?"

Walielewana 200 pamoja na rangi ya buluu. Fundi akauliza kama apige msasa kifunikoni kwanza, atoe yale maandishi, aongezewe 50.

"Paka juu," mama akasema. "Rangi si ndiyo kazi yake, kufunika?"

Lilipokamilika lilikuwa jipya kabisa, isipokuwa rangi ilikuwa mbichi. Fundi alitushauri tuliache hadi kesho. Kesho maana yake ni safari nyingine. Tukapitia fagia, mama akasokota leso ikawa ngata, akaniwekea sanduku kichwani nikalishika kwa vipande vya gazeti, tukashika njia. Kufikia City Stadium shingo ilikuwa imekufa. Mama alikuwa amenishikisha na mfuko wa nguo, yeye akaenda kuulizia mifupa ya supu soko la Burma. Nililiteremsha sanduku, nikaliegemeza kwenye mfuko.

Aliporudi, kiwiko cha sweta kilikuwa na rangi ya buluu ya bahari, na ubavu wa sanduku una manyoya ya sufu. Hakunipiga wala kunisema. Alisimama tu, mifupa mkononi, akihesabu kitu midomo ikicheza.

Mafuta ya taa yaliipunguza rangi lakini hayakuitoa. Usiku ule alishona viraka kwenye viwiko vyote viwili, "usionekane umeharibu, uonekane ni mtindo." Jumatano mwalimu wa zamu alipima sweta kwa macho, akaweka alama kwenye orodha, na mama akaangalia pembeni haraka sana, asije akacheka.

Rangi ilidumu hadi muhula wa tatu. Ilianza kubanduka kifunikoni, kwanza tarakimu ya mwisho, kisha nyingine, mpaka asubuhi moja bweni zima likasoma mwaka wote. Wakataka kujua niliingia kidato cha kwanza lini. Hadi namaliza, hata walimu wengine waliniita Mzee wa Themanini na Moja.